Kilimi Hakikuwa na Kosa

Kama umempakata mtoto mchanga na pumzi yake inatoa sauti, na kila anayepita anakupa dawa yake, soma haya yangu. Sitakufundisha udaktari, siujui. Nilimaliza humanités, sekondari ya kwetu, section pédagogique, diplome iko ndani ya sanduku, na bado nilimkatisha mtoto wangu kinyama cha koo ambacho hakikuwa kimemkosea mtu. Ninaandika kwa hasira. Kubwa yake ni juu yangu mwenyewe. Inayobaki nitaigawa njiani, maana wengine nao wanastahili sehemu.

Masika alizaliwa Butembo wakati wa ile vita ya pili ya kwetu, mwezi ambao maharagi yalikuwa yanaanza kutoa maua. Alizaliwa vizuri, alilia kwa nguvu, akashika ziwa siku ileile. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Mume wangu, Kambale, alikuwa akishusha viazi na vitunguu Beni na kupandisha mafuta ya mawese. Siku zile mtu anapanda lori bila kujua kama atarudi juma hili au mwezi ujao. Tulikaa mtaa wa Mususa, nyuma ya atelier ya maseremala, na harufu ya mbao mbichi iliingia mpaka ndani ya nepi.

Juma la pili, ile sauti ilianza. Haikuwa mafua. Kila alipovuta pumzi kitu kililia kooni mwake, kama tawi linalokwaruza bati. Akilala chali, inazidi. Akinyonya, anavuta mara tatu, anaachia, anahema kama mtu aliyepanda mlima, halafu anarudi tena kwa njaa. Maseremala walicheka.

"Mama Masika, huyu mutoto yako anapasua mbao kutupita!"

Kambale aliporudi alimwinua, akatega sikio kifuani, akacheka naye. "Hii njo moteri! Kamoteri ya baba." Ndiyo injini, alimaanisha, kainjini ka baba. Jina likashika. Mtaa mzima ulimwita Kamoteri. Na mimi nilicheka, sitalificha hilo. Mtoto alikuwa anapigania hewa, na mimi nilimwita kwa jina la mapigano yake.

Kitu kimoja nilikiona mapema kabla ya watu wote. Nikimlaza kifudifudi juu ya mapaja yangu, uso ukitazama chini, ile sauti ilipungua, mara nyingine ilikwisha kabisa. Nikimgeuza, inarudi. Niligeuza na kugeuza, kama mtu anayetafuta mahali ambapo redio inashika. Kwa nini sikumwambia mtu mapema? Nitakuambia kwa nini.

Nilienda kituo cha afya mara tatu. Mabenchi yale ninayajua kuliko ya kanisani. Unafika asubuhi na baridi, unakalia mbao zenye umande, unasogea kila mama mmoja akiingia, mpaka jua linakufikia magotini. Wamama wanauliza: "Huyu wako iko na nini?" Unasema "anapumua vibaya", nao wanavuta watoto wao kando kidogo, kwa adabu, wakijifanya wanatengeneza vitambaa.

Mara ya kwanza infirmier, muuguzi wa pale, alisema ni mafua. Dawa ya maji. Mara ya pili alisema ni mafua. Dawa ileile. Mara ya tatu nikajipa moyo.

"Monsieur, nikimulalisha juu ya tumbo, anapumua muzuri. Ni kama kuko kitu kinaanguka nyuma na kufunga njia."

Hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Uko munganga?"

"Hapana, mais..."

"Donc nyamaza, unyonyeshe. Hata pua yako wewe mwenyewe iko na mafua. Anayefuata!"

Nikanyamaza. Mimi niliyebishana na walimu wangu wote nilifunga mdomo mbele ya mtu ambaye hakumfungua mtoto hata kitambaa cha shingo. Kama angemgeuza mara moja tu kwenye ile meza yake, angesikia. Hasira ya kwanza naiacha pale. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Ningeweza kukataa kuondoka kwenye kile kiti. Ningeweza kupiga kelele. Wewe unayesoma, piga kelele.

Ndipo mama mukwe alipofika kutoka Masereka na mfuko wa viazi mgongoni na puaro, vile vitunguu vya majani marefu, zilizofungwa kwa kamba ya mgomba. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye miguu ya mtu aliyelima maisha yote. Alimbeba mjukuu wake, akamsikiliza muda mrefu bila kucheka. Huyo peke yake hakucheka.

"Hii hapana mafua, Mama Masika. Mi naona iko kilimi."

Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Kwetu, mtoto akikohoa bila kupona, akitapika, akikataa ziwa, wazee husema kilimi kimerefuka, kinamkaba, kikatwe. Familia nyingi zina mtu aliyekatwa. Kambale mwenyewe alikatwa akiwa mdogo. Mimi nilikuwa nimefundishwa shuleni kwamba ni ujinga, nikamwambia mama mukwe hivyo, kwa maneno makubwa, na Kifaransa ndani yake ili yamuume.

Hakukasirika. "Sawa," alisema. "Wewe njo ulisoma. Mi niko na macho tu."

Majuma mawili yakapita. Masika hakuongezeka. Mikunjo ya mapaja iliyokuwa imeanza kuja ilirudi ilikotoka. Sasa alipovuta pumzi, kile kishimo cha chini ya shingo kiliingia ndani kama kidole kinakibonyeza, na mbavu zilichoreka moja moja. Nilitaka kushuka Beni, kwa sababu Kambale alikuwa ametuma neno kwamba hospitali ya kule ina munganga, yaani daktari, anayetazama ndani ya koo. Lakini kulikuwa na mapigano njiani na malori yalisimama. Masereka, upande wa juu, kulipandika. Donc nikamwambia mama mukwe: twende kwa mtu wako.

Tulipanda lori la mbao, tukamalizia kwa miguu katika ukungu, matope mpaka kwenye vifundo. Yeye alitangulia na mzigo, mimi nyuma na Masika kifudifudi juu ya mkono. Sauti yake ilisikika katika ukungu, na watu waliokuwa shambani walisimama na kutazama kabla hawajatuona.

Mkata vilimi alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono safi kuliko ya yule infirmier. Alinawa kwa sabuni, mara mbili. Alikaa mlangoni ili apate mwanga, akamwomba mama mukwe ashike kichwa, akafungua mdomo wa mtoto kwa mpini wa kijiko. Akatazama. Akaondoa kijiko, akaacha mtoto apumue, akatazama tena, muda mrefu zaidi.

"Kilimi yake iko kidogo tu," akasema. "Hii haina kosa."

"Anapumua vile juu ya nini?" nikauliza.

"Kuko kitu ingine kule chini, ku muzizi ya ulimi. Inang'aa. Ni kama tone ya maji yenye ilikataa kuanguka." Alifuta kijiko kwenye nguo yake. "Ile haiko kazi yangu, mama. Nikigusa ile, mutoto anakufa mu mikono yangu. Mumupeleke Beni, kwa banganga."

Mama mukwe alisimama palepale, akaanza kufunga kitambaa cha kubebea. "Twende. Mwenye kazi amesema haiko kazi yake."

Huyo ndiye mama mukwe ambaye baadaye Mususa nzima ilimwita mjinga.

Mimi ndiye niliyebaki nimeketi. Miguu ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimelishwa maneno majuma manne, mafua, maziwa yangu mepesi, jicho baya, meno ya mapema, na sasa hata mtu wa kukata anakataa kukata. Na kichwa changu cha shule kilianza kufanya hesabu yake: kama kuna kitu kimejaza mahali, na pale pana nyama isiyohitajika, ukitoa nyama, mahali pataongezeka, hewa itapita mpaka njia ya Beni ifunguke. Hakuna mzee aliyenipa wazo hilo. Nililitengeneza mwenyewe, na nililiona zuri.

"Kata," nikasema.

"Mama, nimekuambia..."

"Nimesikia. Tulipanda hapa juu ya nini? Njia ya Beni imefungwa! Kata, nafasi ipatikane."

Yule mzee alimtazama mama mukwe. Mama mukwe alinitazama mimi. Nilidhani atanikemea, na kama angenikemea ningepata mtu wa kugombana naye.

"Mama ya mutoto njo anasema," alijibu, akakaa tena, akashika kichwa.

Sitaeleza yale yaliyofuata, ni machache na ya haraka. Chuma chembamba kilichokunjwa mwishoni. Masika alijikaza chini ya mkono wa yule mzee, na kilichotoka kilikuwa kidogo kama ukucha, na damu haikuwa kidogo. Alikata zaidi ya alivyotaka. Aliliona hilo mwenyewe, akaita maji.

Sauti haikupungua hata kidogo.

Kilichobadilika ni kunyonya. Kuanzia siku ile maziwa yalirudi kwa pua. Kila mlo ulikuwa kazi ya kufuta pua, kusubiri, kujaribu tena. Nilikamua maziwa kikombeni, mama mukwe akamnywesha kwa ncha ya kijiko, tone baada ya tone, mtoto kifudifudi, uso umegeuzwa upande. Ni yeye aliyevumbua mkao huo. Alikaa hivyo saa nzima bila kubadilisha goti. Tuliporudi Mususa tuliishi hivyo majuma mawili, na midomo ya Masika ilianza kuwa na rangi ya majivu kila alipolia. Donc hatukumwacha alie. Unajua maana yake, kumzuia mtoto asilie mchana kutwa? Unacheza, unaimba, unatembea, unakuwa mwendawazimu.

Malori yaliposhuka tena, tulipanda la kwanza. Dereva alinipa kiti cha ndani, na mama mukwe akapanda juu ya magunia. Kadiri tulivyoshuka joto liliongezeka, na mimi nikavua sweta ya Masika, halafu fulana, mpaka akabaki na nepi, kifua kikiingia na kutoka mbele ya macho ya dereva.

Kwenye barrière moja, kizuizi cha njiani, askari kijana alitusimamisha, akagonga mlango kwa kitako cha bunduki, akataka kila mtu ashuke na mizigo ifunguliwe. Alinifikia mimi. Akasimama.

"Mwana azali na nini?" aliuliza. Mtoto ana nini.

Masika alijibu kwa niaba yangu, pumzi moja, nyingine. Yule kijana alirudi nyuma kama amesikia mtu anamwita, akainua kamba mwenyewe. "Leka, mama. Leka!" Pita. Hakufungua gunia hata moja. Sikumshukuru, nilikuwa nimekauka. Namshukuru hapa.

Beni, Kambale alikuwa anatusubiri kwenye kituo cha malori. Alimpokea mtoto, na lile jina la Kamoteri likafia mdomoni.

Hospitali ilikuwa imejaa watu waliokimbia vijiji. Wagonjwa walilala kwenye baraza, familia zilipika uani, na moshi wa makaa uliingia katika salles za wagonjwa. Munganga alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa huku na serikali kabla ya vita, na serikali ikamsahau palepale. Alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Kiswahili chake kilikuwa kibaya sana. Alimlaza Masika chali kwenye meza, akasikiliza. Akamgeuza kifudifudi, akasikiliza. Akamgeuza tena.

"Mama, wewe unajua hii? Namna anabadirika?"

"Ndiyo, docteur. Tangu juma la pili."

"Tangu juma ya pili!" Alinitazama juu ya miwani. "Na uliambia nani?"

Hakungoja jibu. Aliwasha taa, akafungua mdomo, na uso wake ukabadilika.

"Nani alikata hapa?"

Kambale alikuwa amesimama kulia kwangu. Mama mukwe alikuwa mlangoni, nyuma yangu, na sufuria ya uji mikononi. Nilikuwa na neno moja la kusema, na ni fupi: mimi.

"Walimpeleka Masereka," nikasema. "Mama ya bwana yangu... wao wanaamini vile vitu."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema "alinilazimisha". Sikuhitaji. Munganga alitikisa kichwa, akasema kitu kwa Kifaransa juu ya mabibi na visu vyao. Kambale aligeuka na kumtazama mama yake, na nilimsikia mama mukwe akiweka sufuria chini, taratibu, bila kumwaga. Hakusema kitu. Nilisubiri aseme. Nilisubiri siku nzima, na siku iliyofuata, na alipokaa kimya nikamchukia kwa ukimya wake, maana aliniacha peke yangu na uongo wangu.

Tulisubiri siku nne. Mashine ya kufyonza ilihitaji jenereta, jenereta ilihitaji mafuta, na infirmier wa kulaza watu usingizi alikuwa amekimbilia shambani kwake. Siku nne kwenye baraza, mchana wa joto, inzi, mtoto juu ya mkono wangu kifudifudi mpaka mkono ukafa ganzi. Mama mmoja aliyemuuguza mume wake kando yetu aliniwekea mto chini ya kiwiko bila kuuliza kitu, na kila asubuhi aliusogeza palipouma. Sijui jina lake. Kambale aliongea na mimi, hakuongea na mama yake. Alipoleta chakula alikiweka kwangu, na mimi ndiye niliyempitishia mama yake sahani.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, jenereta ikanguruma. Walimchukua Masika. Tulibaki kwenye ukumbi, ukuta mmoja tu kati yetu, na nilimsikia. Katika kelele yote ya jenereta nilisikia ile pumzi ya tawi juu ya bati. Nilikuwa nimeizoea kama saa ya ukutani.

Halafu ikakatika.

Nilipiga kelele. Niliujua ule ukimya maana yake ni nini. Nilipiga ngumi mlangoni, Kambale akanishika kiuno, na nilikuwa nalia "wamemuua, wamemuua" wakati mlango ulipofunguka na munganga akatoka, jasho limemfunika, amemshika mtoto wima begani kwake.

"Mama, nyamaza! Unamusikia?"

"Simusikii!"

"Eh, njo hiyo! Hausikii. Anapumua."

Nilimchukua. Kifua kilipanda na kushuka, bila sauti yoyote. Nilikuwa na mtoto wa miezi miwili na nilikuwa nimesahau alivyo akiwa kimya.

Munganga alinionyesha kwa ukucha wake: mfuko mdogo wa maji kwenye mzizi wa ulimi, mkubwa kama punje ya haragi. Alikuwa ameutoboa kwa sindano, yakatoka maji mazito kama ute wa yai. Alisema hakuwa ameona mwingine kwa mtoto mdogo namna hii. Alisema si kansa, si ya mtu kurogwa, si ya maziwa yangu. Mtoto alizaliwa nao tu. Na alisema utajaa tena.

Ulijaa. Juma la tatu tawi lilirudi juu ya bati. Alitoboa mara ya pili mwanzoni mwa mvua, wakati watu wa Beni wanakausha kakao kati ya manyunyu mawili. Mara ya tatu, mvua zilipokatika, alipata chombo alichokuwa akikingoja na akaondoa kabisa paa la ule mfuko. Haujarudi. Mapaja ya Masika yalipata mikunjo wakati wa mavuno ya maharagi, na niliihesabu kwa kidole kila nilipomwogesha.

Kilimi hakikurudi pia. Wala ile sehemu ya nyuma ya mdomo iliyokatwa pamoja nacho. Munganga aliniambia wazi: "Koo nimetengeneza. Ile ingine, mimi siwezi." Masika alipoanza kusema maneno yalitoka puani. "Mama" ilikuwa nzuri. Mengine yalitoka kama upepo. Sisi wa nyumbani tunamwelewa. Wageni hutabasamu na kunitazama mimi. Batoto wa atelier humwigiza, naye huwafukuza na fimbo, nami, niliyemnyima kilimi, namshukuru Mungu kwa kutomnyima mkono.

Mama mukwe alirudi Masereka siku ya pili baada ya ile sindano ya kwanza. Kambale alimwambia, mbele ya watu wa baraza: "Mama, usishike tena mutoto yangu." Akajibu: "Sawa, mwanangu." Alituma viazi na puaro kwa malori, kila msimu. Kambale hakuvigusa. Mimi nilivipika. Nilikuwa nakula viazi vya yule mwanamke na kumwacha aitwe mchinja watoto. Miaka mitatu na nusu. Hakuona jino la kwanza la mjukuu wake, wala hatua ya kwanza. Mwanzoni nilijiambia nitasema Masika akipona. Halafu nitasema vita ikiisha. Unaona namna mtu anavyoahirisha.

Juzijuzi msichana mmoja wa Mususa, mzaliwa wa kwanza mikononi, alikuja kuniuliza habari ya mtoto wake anayekohoa. Nilimwambia yote ninayoyajua: mlaze huku, mlaze huku, tazama kile kishimo cha shingoni, tazama rangi ya midomo, usitoke kwenye kiti cha infirmier mpaka amemfungua nguo. Alisikiliza vizuri. Alipoinuka akasema:

"Na sitamwachia mukaka wake, yule bibi. Yaliyokupata na mama mukwe wako tunayajua wote. Wazee ni wabaya!"

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Kambale alikuwa mezani anakula. Nilikaa mbele yake, nikasema: "Masereka, mama yako alitaka turudi. Mzee alikataa kukata. Mimi njo nilisema kata."

Aliacha kutafuna. "Siku ile kwa munganga. Mama alikuwa nyuma yako."

"Ndiyo."

"Alisikia?"

"Alisikia."

Alitoka, akaenda kukaa juu ya mbao za maseremala mpaka alasiri. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliporudi alisema, "Siku ya posho tunapanda Masereka," yaani Jumamosi, na tangu siku ile hajaniita kwa jina. Ananiita "wewe". Sijui itachukua muda gani, na siombi apunguze.

Tulimkuta mama mukwe akipanga puaro mbele ya nyumba. Amezeeka. Kambale alipiga magoti kwenye matope, mtu mzima, akashika miguu yake, na mimi nikasema yale niliyokuja kusema, yote, bila Kifaransa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilijua utasema," alijibu.

"Mama, ulinyamaza juu ya nini?"

"Wewe, angekufukuza. Mutoto mugonjwa angebaki na nani? Mi niko mama yake. Nilisema, mi atanisamehe upesi." Alimtazama mwanawe pale chini. "Nilihesabu vibaya, kidogo tu."

Hakuna aliyecheka. Yeye alijaribu.

Masika alikuwa amejificha nyuma ya sketi yangu. Mama mukwe alipangusa mikono, akachuchumaa, akaifungua, akangoja. Masika alisema kitu, haraka, kwa ile sauti yake ya puani. Bibi yake alinyoosha shingo, hakushika hata neno moja, akanigeukia mimi.

"Anasema nini?"

"Anauliza wewe ni nani."

Mikono ilibaki wazi. "Mwambie mi ni mukaka yake."

Nilimwambia. Masika hakumtazama bibi yake. Alinitazama mimi kwanza, usoni, kuona kama ni kweli.